Pigo Moja kwa Sekunde: Namna Injini ya EVE Online Inavyobeba Maelfu Katika Anga Moja

Tarehe 27 Januari 2014, katika mfumo wa jua unaoitwa B-R5RB, vilianza vita vilivyoendelea kwa saa 21. Walioshiriki kwa jumla walikuwa 7,548, na joto lilipopanda zaidi wachezaji 2,670 walikuwa ndani ya mfumo ule kwa wakati mmoja. Vyombo vikubwa kuliko vyote kwenye mchezo huo, vinavyoitwa Titan, vilivunjwa 75. Kampuni yenye gemu ikakadiria kwamba mali iliyoteketea, ukiipigia hesabu kwa fedha za kweli, ilizidi dola 300,000. Na chanzo chake ni nini? Ada ya umiliki wa mfumo ule haikulipwa kwa wakati. Sisi tunaoishi kwa kungoja bumu tunaielewa hali hiyo vizuri sana.

Gemu yenyewe ni EVE Online, ya kampuni ya CCP ya Reykjavik, Iceland. Mtu akisikia saa 21 anadhani jamaa walikuwa wabishi kupita kiasi, au Titan ni ngumu kuvunjika. Yote mawili yana ukweli kidogo, lakini sababu kubwa ni nyingine: kompyuta iliyokuwa inaendesha vita vile ilikuwa imepunguza mwendo wa saa. Si kwamba ilikwama. Ilipunguza kwa makusudi, kwa wote waliokuwemo, kwa kiwango kile kile. Kila sekunde moja ya mchezo ilikuwa inaweza kuchukua hadi sekunde kumi za ukutani. Ukichukulia kwamba ilikwenda hivyo muda wote, saa 21 za kwetu ni kama saa mbili na dakika chache tu za huko angani.

Nataka tuone injini ya gemu inafikaje mahali pa kuamua jambo kama hilo. Mimi nasoma ualimu, masomo yangu ni hisabati na fizikia, kwa hiyo nitaeleza kama ninavyojiandaa kueleza darasani: polepole, kwa mifano, na hesabu kidogo. Wazee wa kompyuta mnivumilie nikirudia mnayoyajua.

Picha si tatizo

Ukimuuliza mtu injini ya gemu ni nini, mara nyingi atakutajia picha: mwanga, vivuli, milipuko, namna chuma kinavyong'aa. Ni kweli, EVE ina sehemu ya injini inayoshughulikia hayo, wameipa jina Trinity, na inapendeza macho. Lakini kazi ya picha inafanywa na kompyuta yako mwenyewe, hapo mezani kwako. Kama kompyuta ni dhaifu, unapunguza ubora wa picha na maisha yanaendelea. Haimhusu mtu mwingine.

Kazi ngumu iko kwenye seva, nayo ni kukubaliana. Watu elfu mbili wako mahali pamoja, kila mmoja anabonyeza kitu chake, na wote wanatakiwa waone historia moja: nani alitangulia kufyatua, nani aliwahi kukimbia, nani amekufa. Kama kwangu wewe umekufa na kwako bado unatamba, hakuna mchezo. Ukiondoa anga na vyombo vyake, hili ndilo tatizo lenyewe la EVE, na ndilo tatizo la benki, la soko la hisa, na la kila mfumo ambao watu wengi wanagombea kitu kimoja kwa wakati mmoja.

Gemu nyingi kubwa za mtandaoni zinalikwepa. World of Warcraft, iliyotoka mwaka 2004, inagawa wachezaji wake katika nakala nyingi za ulimwengu ule ule. Wewe uko nakala hii, mwenzako yuko ile, na pengine hamtakutana kamwe. Ni njia ya busara, siidharau. EVE ilifunguliwa tarehe 6 Mei 2003 ikiwa na msimamo tofauti: ulimwengu mmoja tu. Jina lake ni Tranquility, na seva zake zimekuwa London kwa miaka mingi. Ukimuibia mtu leo, kesho unaweza kukutana naye, maana hakuna ulimwengu mwingine wa yeye kuhamia. Kuna jambo moja ambalo mashabiki hupenda kulirukia: wachezaji wa China wana ulimwengu wao, Serenity, tangu 2006. Kwa hiyo ule mmoja ni mmoja kwa sisi wengine.

Sufuria moja, jiko moja

Ulimwengu huo una mifumo ya jua zaidi ya 7,000. Injini inaigawa kazi kwa mifumo hiyo. Kila mfumo wa jua unakaa ndani ya programu moja inayoendeshwa na kiini kimoja cha prosesa. Programu hiyo tuiite nodi. Mifumo mitulivu, ile ambayo siku nzima anapita mtu mmoja anayechimba madini, inarundikwa mingi katika nodi moja. Jita, ambao ndio Kariakoo ya EVE, una nodi yake peke yake, tena kwenye mashine yenye nguvu.

Lugha waliyoandikia sehemu kubwa ya mantiki ya mchezo ni Python, ile ile ambayo wengi wetu tumefundishwa mwaka wa kwanza. Siyo Python ya kawaida kabisa, bali aina yake iitwayo Stackless. Tofauti ni kwamba Stackless inaruhusu programu moja iwe na maelfu ya vikazi vidogo vidogo vinavyopokezana. Mfikirie mama ntilie mmoja mwenye sufuria sita. Hasimami kwenye maharage mpaka yaive ndipo aanze wali. Anaweka maharage, anageukia kitunguu, anamrudishia mteja chenji, anarudi kukoroga. Mikono ni miwili tu, lakini hakuna sufuria iliyosahaulika, kwa sababu kila kazi inajua wakati wa kuachia nafasi. Kwa gemu ambayo mchezaji mmoja anasubiri kufika, mwingine anasubiri bunduki ipoe, mwingine anasubiri jibu la hifadhidata, mpango huo unafaa sana.

Hapo hapo ndipo kimbembe kinapoanzia. Mama ntilie huyo bado ni mmoja. Python ina kufuli la ndani linalozuia programu moja kutumia viini vingi vya prosesa kwa wakati mmoja kuendesha msimbo wake. Ukinunua mashine yenye viini 64, mfumo mmoja wa jua bado utabanana kwenye kimoja. Unaweza kuongeza nodi na ulimwengu ukapata nafasi ya mifumo mingi zaidi, hilo halina shida. Lakini vita havitawanyiki katika mifumo 7,000. Vita vinakusanya watu wote mahali pamoja. Sufuria moja ya pilau haiivi mapema kwa sababu umewasha majiko kumi pembeni yake.

Tena mfumo ukishaanza siku katika nodi fulani, hauhamishwi kirahisi huku watu wakiwa ndani. Mpangilio unafanywa wakati seva inafungwa kidogo kila siku, saa tano asubuhi kwa saa za kimataifa, ambayo ni saa nane mchana kwetu. Ndiyo maana wachezaji wanaopanga vita vikubwa wana fomu ya kuiarifu kampuni mapema, ili mfumo husika uwekwe kwenye mashine imara. Naipenda sana fomu hiyo. Majenerali wa himaya mbili zinazochukiana wanajaza karatasi kuomba chumba, kama sisi tunavyoomba ukumbi wa mdahalo. B-R5RB haukuwa umepangwa, ulilipuka tu.

Moyo wa injini

Sasa tuingie kwenye sehemu ninayoipenda kuliko zote. Sehemu ya injini inayoendesha mwendo wa vyombo inaitwa Destiny. Inapiga hesabu mara moja kwa sekunde. Nitaita kila hesabu pigo, kama pigo la moyo. Katika kila pigo inasogeza vyombo vyote, inaangalia nani kagongana na nani, inapokea maagizo mapya, kisha inangoja pigo linalofuata.

Mara moja kwa sekunde ni pole mno. Gemu za kupigana bunduki kama Counter-Strike hupiga mara 64 kwa sekunde au zaidi. Lakini Destiny ina ujanja wake. Kwanza, kwake kila chombo ni tufe. Ile meli yenye mabawa na minara unayoiona kwenye skrini, seva haiijui; inajua mpira wenye uzito, kasi na mahali ulipo. Pili, hesabu hiyo hiyo inafanywa na seva na kompyuta yako pia, kwa kanuni zile zile. Seva haihitaji kukuambia kila mara chombo kiko wapi. Inakuambia tu kwamba fulani ameamua kugeukia sayari ile, na kompyuta yako inakokotoa njia yenyewe na kupata jibu lile lile. Ni sawa na kulipa darasa zima swali moja na kanuni moja. Kila mwanafunzi atapata jibu bila kuchungulia kwa jirani, mradi kila mmoja aanze na namba sahihi. Kwenye skrini yako kila kitu kinateleza vizuri, kumbe huko nyuma moyo unapiga mara moja moja.

Wanafizikia wenzangu mtacheka mkisikia hii: anga la EVE lina ukinzani kama maji. Ukizima injini, chombo kinapunguza mwendo mpaka kinasimama. Newton angekataa kusaini. Lakini kihesabu ni uamuzi mzuri, maana mwendo unatulia badala ya kukua bila mpaka, na kanuni yake tunaifahamu tangu sekondari, ni ndugu wa ile ya kapasita inayochaji:

kasi = kasi ya juu × (1 − e^(−t/k))

Hapo k ni uzito wa chombo katika mamilioni ya kilo, ukizidishwa na namba ya inesha yake. Ili chombo kiruke kwenda mbali, lazima kifikie asilimia 75 ya kasi yake ya juu. Weka 0.75 upande wa kushoto, tatua t, utapata t = k × ln 4, yaani takriban k × 1.386.

Chukulia chombo chepesi chenye k ya 1.44. Ukizidisha unapata sekunde 1.996. Chombo kingine kina k ya 1.5: sekunde 2.08. Tofauti ni chini ya sehemu moja ya kumi ya sekunde, hata kope haijashuka. Lakini Destiny inahesabu kwa mapigo mazima. Cha kwanza kinaondoka katika mapigo mawili, cha pili kinangoja pigo la tatu. Huyo aliyeotea kwenye lango la mfumo akisubiri wapita njia, mwenye mapigo mawili ni kama hawezi kumshika. Mwenye mapigo matatu anashikika. Wachezaji wanatumia pesa nyingi kununua vifaa vya kuwashusha kutoka 2.08 hadi 1.99, na hawanunui kitu zaidi ya 1.99, kwa sababu 1.7 na 1.99 ni kitu kimoja. Ningekuwa natafuta mfano wa kuwaonyesha kidato cha nne kwa nini kukadiria namba kwenda juu si mchezo wa mtihani tu, ningechukua huu.

Kuna jambo jingine la namba nilitaje kwa haraka. Gemu ya anga ina umbali wa kutisha. Dunia iko karibu kilomita milioni 150 kutoka kwenye jua, na mifumo ya EVE inapimwa kwa kipimo hicho hicho. Kompyuta ikihifadhi namba yenye desimali kwa biti 32, katika umbali huo namba moja na inayoifuata zimepishana mita 16,384. Yaani chombo chako kingerukaruka kwa hatua za kilomita 16. Kwa biti 64, pengo hilo linashuka hadi kama sehemu tatu za mia za milimita. Kwa hiyo mahali halisi pa vitu hutunzwa kwa biti 64. Kadi za picha hupendelea biti 32, na gemu za anga zimezoea kuzihadaa kwa kuhamisha kitovu cha hesabu: badala ya kupima kila kitu kutoka kwenye jua, zinapima kutoka pale macho yako yalipo. Vilivyo karibu vinapata namba ndogo na vinatulia; vilivyo mbali vikitikisika hakuna atakayeona.

Adui anaitwa mraba

Turudi vitani. Mchezaji mmoja akifyatua, wote wanaomwona lazima waambiwe. Kama mko kumi na kila mmoja kafanya jambo moja, ujumbe ni 10 × 10, yaani 100. Mkiwa 100, ni 10,000. Mkiwa 2,670 kama kule B-R5RB, ni 7,128,900. Hiyo ni hali mbaya kabisa, na injini ina njia za kuibana, lakini umbo la mchoro ndilo hilo: watu wakiongezeka mara mbili, kazi inaongezeka mara nne. Mwezi Oktoba 2020, katika mfumo wa FWST-8, wachezaji 6,557 walipigana kwa wakati mmoja na Guinness wakaiandika kuwa rekodi. Hao ni mara mbili na nusu hivi ya wa B-R5RB. Kazi yao ni mara sita: karibu milioni 43. Prosesa hazijawahi kukua kwa mwendo huo. Kila ukileta mashine bora, wachezaji nao wanaleta marafiki.

Zamani seva ikilemewa, kilichotokea ndicho tunachokijua wote. Maagizo yalipanga foleni isiyo na utaratibu. Unabonyeza kufyatua, hakuna kitu. Unabonyeza tena. Dakika tano baadaye skrini inarudi na wewe ni marehemu. Jirani yako, kwa bahati tu, maagizo yake yalipita. Mwenye bahati ndiye alikuwa jemadari.

Linganisha na usiku wa mwisho wa usajili katika chuo chochote ambacho mfumo wake ni dhaifu. Wote mmeingia saa tano usiku. Mmoja ukurasa unamfungukia, anamaliza, analala. Mwingine, pengine ndiye aliyewahi kukaa mezani, anazungushiwa kile kiduara mpaka saa sita inapita na adhabu ya kuchelewa inaandikwa kwenye jina lake. Saa ya mwisho imeendelea kutembea huku mlango ukiwa umebana. Mfumo haukumwonea mtu kwa makusudi. Haukuamua chochote, na ndivyo bahati nasibu ikaamua kwa niaba yake.

Kilichofanywa na CCP, kikaanza kazi mwaka 2012, ni kuifanya injini iamue. Wachezaji wanakiita TiDi; kwa Kiswahili naweza kusema ni kuvuta muda. Nodi inajipima: je, kazi ya pigo hili imeisha ndani ya pigo? Kama haijaisha, haitupi agizo la mtu wala haimfukuzi mtu. Inanyoosha pigo lenyewe. Saa ya mchezo inashuka hadi asilimia 80 ya mwendo wake, hamsini, na mwisho asilimia 10, hapo ndipo chini kabisa. Bunduki yako inachelewa kupoa, lakini ya adui yako inachelewa vile vile. Kombora linasafiri polepole kama liko kwenye uji, lakini uji huo mmeogelea wote. Mzigo ukipungua, saa inapanda tena yenyewe.

Ukiutazama kwa haraka unaonekana ni ujanja wa kuficha uchovu wa mashine. Mimi naona ni zaidi ya hapo. Muda ndio kitu pekee ambacho wote waliomo wanacho kwa kiasi sawa, kwa hiyo ndicho kitu pekee unachoweza kukikata bila kumpendelea mtu.

Pamoja na hayo, haki hiyo ina ukuta. Saa inavutwa ndani ya nodi tu. Nje ya hapo maisha yanakwenda kawaida, soko linaendelea, watu wanapigiana simu. Ndivyo ilivyokuwa B-R5RB: habari zilienea, walioko kazini wakatoroka mapema, walioacha kucheza wakakumbuka nywila zao, na kwa kuwa vita vilikwenda polepole walikuta bado vinaendelea. Mwenye marafiki wengi wa nje anafaidika. Halafu kuna suala la nani anaweza kukaa saa 21 mbele ya skrini. Mwenye mtoto, mwenye zamu ya usiku, mwenye mtihani asubuhi, hao wanaondoka na chombo chao kinabaki na hatima yake. Seva inagawa sekunde sawa. Haiwezi kugawa siku sawa.

London ni mbali kiasi gani?

Hapa nilete suala letu. Kutoka Dar es Salaam hadi London ni kama kilomita 7,500 kwa mstari wa ndege. Mwanga ndani ya waya wa kioo hukimbia takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Kwenda na kurudi, hata kama waya ungenyooka kama rula, ni sekunde 0.075. Waya haujanyooka. Unazunguka pwani na kupita chini ya bahari, na kila kituo njiani kinaongeza chake. Kabla ya nyaya za SEACOM, TEAMS na EASSy kufika ukanda huu mwaka 2009 na 2010, sehemu kubwa ya intaneti yetu ilipanda kwenye setilaiti zilizo kilomita 36,000 juu, na hapo nusu sekunde ilikuwa inaliwa kabla hujasema lolote.

Chukulia leo una ucheleweshaji wa sekunde 0.2, jambo la kawaida kabisa kwa mtu wa hapa anayewasiliana na seva ya Ulaya. Kwenye gemu yenye mapigo 64 kwa sekunde, huko ni kuachwa nyuma karibu mapigo 13. Kijana wa London amekwisha kukuona, kulenga na kukupiga. Umbali ndio umekushinda. Kipaji hakikupata hata nafasi. Kwenye EVE, 0.2 ni sehemu ya tano ya pigo moja. Ukibonyeza wakati wowote ndani ya sekunde, mara nne kati ya tano agizo lako litaingia katika pigo lile lile ambalo la mtu wa London limeingia. Mara moja kati ya tano utachelewa kwa pigo moja. Inauma, hasa kama wewe ndiye yule mwenye k ya 1.5, lakini si kifo cha uhakika.

Sasa weka TiDi juu yake. Saa ikishuka hadi asilimia 10, pigo moja linadumu sekunde kumi za kwetu. Ile 0.2 yako imekuwa asilimia mbili ya pigo. Maana yake ni kwamba katika vita vikubwa kuliko vyote, wakati seva imelemewa kupita kiasi, ndipo mchezaji wa Mbeya au Mombasa anapokuwa karibu sawa kabisa na mchezaji wa London. Sidhani kama kuna aliyekusudia hivyo. Walikuwa wanatafuta namna ya kuokoa prosesa yao, wakaishia kuifupisha bahari.

Asilimia kumi ikiisha

Nisiwape picha kwamba tatizo limekwisha. Asilimia 10 ni sakafu, na mraba haujali sakafu. Mwanzoni mwa Januari 2021, katika mfumo wa M2-XFE, upande mmoja ulikuwa tayari umejaa ndani na upande wa pili ukaruka kuingia na kundi lake kubwa. Nodi ilikuwa imeshavuta muda mpaka mwisho. Wengi wa walioingia hawakuingia kweli: seva iliviona vyombo vyao, lakini wao wenyewe walibaki wakitazama skrini isiyofunguka, au walikatika kabisa. Waliokuwa ndani wakawapiga. Titan zilivunjwa ambazo wenye nazo hawakupata kuziona zikivunjika. Ile bahati nasibu ya zamani ilirudi, na safari hii ilimpendelea aliyewahi kukaa.

Na usisahau kwamba kilichovunjika kimevunjika. EVE ina hifadhidata moja inayotunza kila kitu cha kila mtu, na chombo kikilipuka hakirudishwi kwa kuanza upya kama gemu za simu. Mtu amechimba, ameuza, amechangisha na wenzake kwa miezi. Uchumi huo ni mzito kiasi kwamba mwaka 2007 kampuni iliajiri mchumi, Eyjólfur Guðmundsson, awe anaandika ripoti za soko na mfumuko wa bei wa huko angani. Baadaye akawa mkuu wa Chuo Kikuu cha Akureyri, huko huko Iceland. Wachezaji nao wana baraza wanalolipigia kura tangu 2008, la kupeleka malalamiko yao kwa kampuni. Wana kampeni, wana makundi, wana tuhuma za kura. Viongozi wetu wa serikali ya wanafunzi wangejisikia nyumbani.

Tangu Novemba 2016 unaweza kucheza bure, kwa masharti: baadhi ya vyombo na ujuzi vimefungwa mpaka ulipie. Kama utajaribu, fanya kitu kimoja ambacho wageni wengi hawafanyi. Kabla hujatoka kituoni, fungua taarifa za chombo chako, tafuta uzito wake na namba ya inesha, na upige ile hesabu. Mfano wa kuanzia: k ni 1.6. Zidisha kwa 1.386, unapata 2.218. Kadiria kwenda juu: mapigo matatu. Sasa jiulize ukiwa ndani ya vita, saa imeshuka hadi asilimia 10 na adui amekuona, utakaa sekunde ngapi za ukutani ukitazama chombo chako kikigeuka kabla hakijaruka. Ni thelathini. Maji ya chai yatakuwa hayajachemka, lakini birika utakuwa umeshaliweka.